Waya wa Ghorofa ya Pili

Kamera yenyewe ilikuwa ya mlangoni,
ya ghala moja la majani ya chai kule Shimanzi.
Miaka minne ililinda lango usiku kucha,
ikarekodi paka, na askari aliyesinzia.
Mwenye ghala akasema imekufa, tupa.
Sikutupa. Mimi ni fundi,
najua kufa na najua kuzimia.

Nikaifungua kwa bisibisi ya saa,
nikaing'oa lenzi yake, kijicho cha kuonea karibu,
nikaipachika nyuma ya darubini
kwa kipande cha bomba la maji na utepe mweusi.
Bomba la inchi moja likapwaya ndani,
la inchi na robo likakaa
kama kwamba limezaliwa hapo.

Paa la Tudor, baina ya matangi na kamba za nguo.
Winchi za Kilindini zimewaka kama nyumba ya harusi,
nusu ya mbingu imekuwa rangi ya chai ya mkandaa.
Unyevu umeketi juu ya kioo;
naufukuza kwa mashine ya kukaushia nywele
niliyoazima saluni ya dada yangu
(hajui).

Kwenye kiskrini, kwanza waa jeupe, nene,
lenye tundu katikati.
Nazungusha kirungu, taratibu, napitiliza, narudi.
Waa likajikusanya likawa punje.
Punje ikaota masikio.
Zuhali.

Mwadzombo, msimamizi wa nyumba, alipanda ngazi
viatu mkononi, ili anifumanie:
"Wapangaji wamelalamika.
Hiyo kamera yaelekea dirisha la nani?"
Nikamgeuzia kiskrini.
Akatazama. Akasogea.
"Hii picha umeiweka wewe."
Nikaziba mdomo wa darubini kwa kiganja: giza.
Nikakitoa: hiyo hapo, yatetemeka.
Akashuka bila neno, na viatu bado mkononi,
na baada ya dakika kumi akarudi na ujumbe:
"Bi Shamsa asema naye yuwataka."

Bi Shamsa wa ghorofa ya pili,
ambaye magoti yake yalizikataa ngazi
tangu mvua za mwaka juzi.
Darubini ina kiburi chake:
yataka uipandie, uiinamie, ufumbe jicho moja.
Waya hauna kiburi.
Nikauteremsha mita kumi na nane
kando ya bomba la majitaka,
ukaingia dirishani kwake, nyuma ya televisheni,
kwenye tundu la manjano.

Kimya.
Kisha sauti ikapanda na ukuta:
"Mbona yatetemeka? Ina baridi?"
"Ni hewa, Bi Shamsa! Joto la mabati lapanda!"
"Na hiyo pete, kavishwa na nani?"

Sina mota. Dunia yazunguka, haimsubiri fundi;
kila nusu dakika Zuhali hutambaa
hadi pembe ya skrini na kutoka.
Na kiskrini changu, betri ikaisha.
Nikabaki na chuma gizani, na sauti ya chini:
"Yaenda! Yaenda… ishakwenda!"
Nikasukuma kwa ncha ya kidole.
"Siyo huko! Rudi. Bado. Bado.
Hapo! Usiguse!"

Hivyo tukaenda, saa nzima na zaidi,
mimi kidole, yeye jicho.
Kesho nitaketi na ile rekodi,
picha elfu tatu, nizichambue kama mchele,
chuya nitupe, nibakishe zile chache
ambazo hewa ilisahau kuchemka,
nizilaze moja juu ya nyingine
mpaka pete itulie.
Lakini hiyo ni kesho.

Saa saba kasoro, stima zikapotea Tudor yote.
Feni zikanyamaza. Jenereta moja likakohoa mbali,
likaghairi.
Nikainua kichwa: Kilimia juu ya tangi,
na vumbi la nyota nisilolijua majina.
Chini, dirisha likafunguliwa.
"Umeizima wewe?"
"Si mimi, Bi Shamsa. Ni stima."
Akafikiri kidogo.
"Basi iwache hapo hapo.
Isisogee, mpaka zirudi."