Alamisho

Jumanne, Ondiek alikuja dukani na saa.
Duka, nasema, lakini ni kabati lenye taa,
theluthi ya mlango mmoja pale Luthuli:
kushoto spika zinabishana, kulia vioo vya simu,
mimi katikati na bisibisi zangu
na chai iliyopoa tangu saa nne.

"Vaa," akasema. "Uijaribu hadi kesho. Inahesabu."
Inahesabu nini?
"Moyo. Usingizi. Hatua. Wewe vaa tu."
Nikaivaa kama mtu anayeonjeshwa deni.

Jioni nauli ilikuwa imeishia kwenye unga.
Nikavuka mto kwa miguu, nikashika Ngara,
Pangani, nikafuata Juja Road na vumbi lake
hadi Huruma, ghorofa ya tano, ngazi bila taa,
na pale mlangoni, ufunguo haujaingia bado,
saa ikatetemeka mkononi,
fataki ndogo za rangi zikalipuka kiooni:
Hongera! Hatua elfu kumi!
Nikaiambia asante. Kwa sauti. Jirani akafungua dirisha.

Usiku mimi hutafuta vipya,
kama wengine wanavyotafuta mpira.
Nimepata kimoja cha bure, hakitaki hata jina lako:
unakipa picha, kinafuta kila kilicho nyuma ya mtu.
Nikakipa ile niliyopigwa kazini.
Kikafuta nyaya, spika, kabati, Luthuli yote na kelele zake,
nikabaki nimeinua bisibisi katikati ya weupe
kama fundi aliyesahau
alichoitiwa.

Halafu kivinjari.
Kipya, chepesi kama ganda la kitunguu,
hakili bando, kinafukuza matangazo.
Ondiek anakisifu kuliko anavyomsifu mkewe.
Na mimi nilikuwa nimechoka: viatu fulani
nilivitazama mara moja tu, mwezi wa tatu,
vikanifuata hadi Krismasi
kama vinanidai.

Nikakipakua. Kikafunguka cheupe, kisafi,
nyumba ambayo rangi bado inanuka.
Kikauliza kwa adabu:
*Je, nikuletee alamisho zako za zamani?*
Kikazipanga nizione kwanza.

Ratiba ya kliniki ya figo, Alhamisi.
Bei ya sindano, maduka matatu tofauti.
Vyakula vya mgonjwa wa figo (ndizi hapana,
nyanya kidogo, viazi viloweke kwanza).
Wapi panauzwa kiti cha magurudumu kilichotumika.
Vyakula vya mgonjwa wa figo, tena,
kana kwamba ukurasa wa pili ungeruhusu ndizi.
Jinsi ya kukuza herufi kwenye simu.
Hiyo ilikuwa ya mama. Rasoa binti Amboka
aliyeshika simu mbali kama kioo cha kinyozi
na kuniuliza, "Huyu aliyeandika, ananong'ona?"
Nilizikuza hadi neno moja likajaza kioo.
Akacheka. "Sasa anapiga kelele. Mwache hivyo hivyo."
Jinsi ya kuandika tangazo la kifo, mfano mfupi.

Chini, vitufe viwili: *Leta. Anza upya.*

Sikujua kidole kinaweza kuwa kizito.
Nje mtu alikuwa anavuta lango, maji yalikuwa yamerudi,
ndoo zilianza kugongana kwenye ngazi,
na saa ikatetemeka:
*Mapigo ya moyo yamepanda. Unafanya mazoezi?*

Nikabonyeza Ndiyo.

Asubuhi Ondiek akaichukua, akaisoma, akakunja uso.
"Usingizi, dakika arobaini na moja.
Bwana, hii ni mbovu. Nitawarudishia."
Haina ubovu, nikamwambia,
nikampa na chaja yake.