Dobi wa Harrowfell

Inspekta aliwahoji wote wa ghorofani:
mjane, mpwa wa marehemu,
kasisi aliyekuja kucheza karata.
Jikoni alishuka mara moja tu,
akala andazi la Bi Ottaway, akalisifu.

Dobi haulizwi.

Lakini mashuka yao nayasoma mimi,
Keziah Thwaite, mwaka wa kumi na moja sasa.
Najua nani halali, nani hulala kwingine.
Jumatatu ile theluji ilifunga dirisha,
nikalitoa kapuni shati la mpwa, Bwana Lucian:
kwenye pindo la mkono, doa la hudhurungi.
Mchuzi una mafuta. Hili halina.

Asubuhi hiyohiyo walimtia pingu Obed,
mtunza farasi, mwenye kigugumizi.
Alipotakiwa kujitetea, herufi ya kwanza ilimkwama;
wakasema kimya ni kukiri.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Anayezifua hakutajwa.

Mama alinifundisha: damu, maji baridi na chumvi,
itatoka kama haikuwahi kuwapo.
Maji ya moto huipikia uzini,
haitoki tena hadi kiama.

Bwana Lucian akachungulia mlangoni, akatabasamu.
"Lifue vizuri, Keziah."
"Ndiyo, Bwana," nikasema,
nikaongeza makaa, nikangoja maji yatokote.