Hesabu ya Dola Mia Nne

Mfadhili ameandika: tuelezeni mbegu ilivyotumika.
Basi naandika, mimi Kavira, mtunza hazina,
mwaka wa tatu, ujenzi, Goma.

Machekeche mawili ya waya: kumi na nane.
Chokaa, mifuko sita. Saruji mfuko mmoja tu,
maana ndiyo tunayotaka kuikwepa.
Majivu ya mlima hatukuyalipia,
yamejaa Majengo, yamejaa chini ya vitanda vyetu;
aliyelipwa ni mwenye chukudu.

Tofali la kwanza lilivunjika mkononi mwa Muhindo
kama mkate wa juzi.
La kumi na saba pia.
Tukapunguza maji, tukaongeza siku.
La thelathini na moja lililala nje, mvua usiku kucha,
na asubuhi lilikuwa bado tofali.

Dola ishirini na tano hazina risiti.
Muhindo alitolewa kwenye mtihani kwa sababu ya karo,
na mkono wa mashine anauweza yeye tu.
Nilitaka kuandika “vifaa.”
Nimefuta.

Zilizobaki zote ni ukuta mmoja,
jiko la Mama Nzigire,
ambaye nyumba yake ya mbao ilimezwa na moto wa mlima.
Hakuuliza nguvu ya tofali kwa tarakimu za maabara.
Aliugeuzia ukuta mgongo,
akauegemea kwa uzito wake wote,
akafumba macho.

Penye “matokeo” fomu imeacha mistari miwili.
Wa kwanza nimejaza: Ameegemea. Haukutikisika.
Wa pili nimeuachia mvua ya Novemba.