Jiwe la Aikande

Aikande alilifungia ndani ya soksi,
jiwe jeusi, jepesi kama andazi la jana,
likavuka naye viwanja vitatu vya ndege
hadi hapa Kibosho, juu ya Moshi.

"Kisiwa chenyewe," alisema, "hakina msitu.
Lava ikipoa, kuvumwani ndiyo hutangulia,
nayo huchukua miaka mingi kulivika jiwe.
Ukiikanyaga, unyayo wako utawazika wajukuu."

Bibi Ndeonasia akalipima kiganjani,
akalinusa, akalilinganisha na jiwe la mfongo.
"Hili la kwetu. Lilikwenda kutembea tu."

Sasa linazuia mlango wa jikoni.
Kuku hulidonoa. Maji ya kuoshea masufuria
hulipitia yakishuka migombani,
kwenye udongo ambao nao uliwahi kuwa moto.

Masika haya, upande wake wa nyuma,
limeota doa la kijani, dogo kuliko ukucha.
Nimemtumia Aikande picha:
ni mbegu ya huko, au ya kwetu?

Amenijibu kwa swali:
barafu ya Kibo leo imefika wapi?

Nikatoka uani kutazama.
Mawingu.