Dakika Kumi na Tano

Saa kumi na moja alfajiri Kileleshwa bado inakoroma.
Mvua ya Julai, ile isiyonyesha wala kukoma,
nami nimepiga magoti ghorofa ya sita, kando ya jakuzi,
kama mwenye kusali.
Nachovya kijikaratasi, nahesabu hadi kumi na tano,
nangoja rangi iseme.

Maji yenyewe hayasemi.
Klorini ikipungua yanacheka tu na mapovu yake,
masafi machoni.
Lakini nililiona chujio lililosahauliwa wikendi nzima,
ute wake wa kijani ndani ya bomba,
na Jumatano wateja wanne wakijikuna migongo
kama waliolalia upupu.
Mvuke nao hupanda na vyake, ukateremka kifuani;
mtu anakohoa wiki mbili
analaumu baridi ya Nairobi.

Maji ya moto hayachomi nyumba, husema watu.
Sawa. Mwili si nyumba.

Saa mbili huja Bi Nyokabi, mwalimu mstaafu wa jiografia,
na magoti yake yenye baridi yabisi.
Hushuka ngazi kwa kutaja maziwa, kila kidato na ziwa lake:
Turkana. Baringo. Bogoria,
na hapo Bogoria hutua, maji yakiwa kiunoni:
"Kule huchemsha mayai, Syombua. Hapa mnachemsha wazee."
Kisha hunyamaza.
Namwona akisahau kilo zake, moja moja,
vidole vilivyokunjamana tangu enzi za chaki
vikifunguka chini ya mapovu.
Akitoka, fimbo huibeba kwapani kama gazeti.
Usiku, aniambia, hulala hadi adhana.
Kesho kutwa maumivu hurudi. Naye hurudi.

Bwana Odera, dalali wa magari, alikuja Ijumaa na chupa.
Nikamwonyesha kibao ukutani.
"Dakika kumi na tano ni za wagonjwa," akasema,
vidonge vyake vya presha vikiwa mfukoni mwa koti, kwenye kabati namba tisa.
Digrii arobaini. Dakika thelathini. Glasi ya tatu.
Uso ukaiva kama nyanya ya Jumamosi,
akainuka kwa haraka ya mtu aliyeitwa mnadani,
damu ikabaki miguuni.
Nilimdaka kwapa. Mzito, wee! Mzito kama gunia lililoloa.
Alipofumbua macho, neno lake la kwanza:
"Usimwambie mke wangu."

Na yule msichana wa benki, jina simtaji,
aliyeninong'oneza mlangoni kwamba ana miezi miwili
na nyumbani hawajui bado.
Nikamwambia, la kuzama kamwulize daktari,
leo keti ukingoni, chovya nyayo tu.
Akachovya. Akacheka peke yake,
mkono tumboni, mvua ikimlowesha nywele za saluni.

Mimi naishi Pipeline, ghorofa ya nne.
Maji huja Jumanne, yakijisikia.
Mtungi wa lita ishirini una mpini mmoja
na ngazi zina vidato sitini na mbili; sijavitafutia majina.
Usiku nachemsha nusu sufuria,
namwaga kwenye beseni la buluu, chumvi kidogo,
natia miguu hadi maji yapoe,
na hayakawii kupoa.

Wafanyakazi hawaruhusiwi kuingia jakuzi. Imeandikwa.
Lakini kupima joto naruhusiwa,
na kipimajoto huwa sikiamini haraka:
hutia mkono hadi kiwiko, nikaurudia,
kisha ule mwingine,
nikatazama taa za Waiyaki Way zikizimika moja baada ya moja.

Jana Bi Nyokabi alinikuta hivyo, mikono yote ndani.
Hakucheka. Akavua kandambili, akashuka Turkana, akashuka Baringo,
akauliza bila kunitazama:
"Na wewe, magoti yako yana umri gani?"

Nikafuta mikono kwa aproni.
Nikamwambia dakika zake zimeanza kuhesabiwa.