Kidole cha Mama

Kwa sheha wa Mtambwe, Jumatatu, saa mbili asubuhi,
mama alikitia kidole gumba kwenye wino
kama anavyoonja mchuzi: kidogo, halafu tena.
Karatasi ikasema:
*Mimi, Mize binti Shaame, nikiwa na akili timamu,
namteua mwanangu Kazija Hamad
auze, apokee, adai, atie saini
kwa niaba yangu na kwa jina langu.*
"Na kukohoa," mama akauliza, "nako kumeandikwa?"
Sheha akacheka. Muhuri ukalia ta!
Hela ya stempu nilitoa mimi.

Tangu siku ile nikawa watu wawili.
Kituo cha karafuu, Wete,
karani huita, "Mize binti Shaame!"
nami naitika, "Labeka,"
sauti ikinitoka nzee.
Wakisema makonyo yamezidi, nagomba kwa ukali wake.
Mizani ikiyumba, naitazama kwa jicho lake moja zima.
Hata wajomba, walipoitaka mikarafuu mitatu ya mpakani,
niliwajibu, "Mama hakusema hivyo,"
na kweli hakusema hivyo;
hakujua hata kama wamekuja.

Jioni namsomea risiti.
Yeye anataka noti mkononi, azihesabu kwa kuzinusa.
"Wakala we," huniita, "leo umenilia ngapi?"

Alhamisi, mwisho wa mavuno,
foleni ndefu, jua la utosi.
Kilo arobaini na mbili, daraja la kwanza.
Nikaandika jina lake, chini yake langu,
noti nikazifunga pindo la kanga.
Saa saba na robo, ndivyo risiti ilivyoandika.
Saa saba kasoro robo, nyumbani,
Bikombo jirani alikuwa keshamfumba macho.

Sheria, naambiwa, iko wazi:
aliyekuteua akifa, uwakala wako umekufa naye.
Basi nusu saa ile nilikuwa nani?
Kalamu ilishikwa na mkono wa nani?

Karani anasema nirudi na cheti, yaanze ya mirathi.
Wajomba wako barazani, viatu vyao mlangoni.
Sheha kaikunja karatasi mara nne, kaitia mfukoni
bila kunitazama.

Lakini kuna alama ya buluu ukutani, ubavuni mwa kitanda,
pale alipojifuta kidole siku ile tuliporudi.
Nilimgombeza.
Fundi wa chokaa akija, mwambieni arudi:
mwenye nyumba hayupo,
nami sina idhini.