Picha ya Kungoja

Naryn, mwezi wa pili. Rangi zimeganda chupani;
nazipasha joto kwapani kabla ya kengele.
Hadithi ya leo ina mbweha, daraja, na bibi mmoja
aliyemngoja mwanawe hadi theluji ikayeyuka.

Mbweha nimemchora. Mkia umezidi, ila watoto hawana neno.
"Mbweha amevuka daraja," asema Tologon,
na Sezim amkatiza: "Hajavuka. Tazama mguu."
Kweli, mguu mmoja bado uko juu ya mbao.
Basi tukapata maneno mawili kwa picha moja:
amevuka, anavuka.

Lakini kungoja,
neno hilo lilinikesha jana, kalamu mkononi.
Nikawaonyesha dirisha: wakasema, dirisha.
Nikamweka bibi dirishani: wakasema, bibi ana baridi.
Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Begimai, asiyesema sana, akaomba chaki.
Akachora jiko. Birika. Vikombe vitatu,
kimoja kimefunikwa, mdomo chini.
"Hicho cha nani?" akauliza Tologon.
Baba yake yuko Moscow, anajenga maghorofa ya watu,
mwaka wa pili sasa.
Hakumtaja. Aliandika polepole,
k ya kwanza kubwa kuliko birika:

Kikombe kinangoja.

Hata Sezim hakusahihisha.
Nikashika kitambaa cha kufutia ubao, nikakirudisha.
Kipindi kilichofuata kilikuwa hesabu;
tukahesabu pembeni, kwa namba ndogondogo,
tusikiguse.